VPN imeunganishwa, folda haifunguki

Kinachonikera zaidi ni ile alama ya kijani. VPN, ile programu ya kuniingiza kwenye mtandao wa ofisi nikiwa nyumbani, inasema imeunganishwa, lakini nikibofya folda ya pamoja ya kazini, kiduara kinazunguka weee, kisha naambiwa njia ya mtandao haikupatikana. Nikiandika anwani ya namba ya seva, yaani kompyuta ya ofisi inayotunza faili, badala ya jina lake, faili zote hizo hapo! Kumbe kompyuta inauliza jina hilo kwa DNS ya nyumbani, yaani huduma ya kugeuza majina kuwa anwani za namba, ambayo hailijui kabisa. Siku nyingine hata namba inagoma, kwa sababu ruta ya nyumbani na mtandao wa ofisi vyote vinatumia anwani zinazoanza na 192.168.1, basi kompyuta inaitafuta seva humu humu sebuleni. Saa nzima imekwenda, ripoti sijaigusa. Mafundi, badilisheni anwani za ofisi, jamani!