Deni la chuo, Hamburg na Likoni

Juzi mwenzangu kazini hapa Hamburg aliingia na barua mkononi, uso umemkunjana. Deni lake la chuo limeiva: euro 130 kwa mwezi. Alilalamika mpaka kahawa ikapoa. Mimi kimya, maana asubuhi ileile mdogo wangu alinipigia kutoka Likoni, Mombasa, kwa habari ya deni lake la chuo.

Huyu Mjerumani ada ya masomo hakutozwa. Pesa za kujikimu alizopewa na serikali, nusu ilikuwa ruzuku, na nusu mkopo usio na riba. Hata angekopa kiasi gani, harudishi zaidi ya euro 10,010. Muda wa kufadhiliwa ulipokwisha aliachwa miaka mitano ajipange. Kipato kikiwa kidogo, anaomba asubiriwe, na anasubiriwa.

Mdogo wangu? Riba ya asilimia 4, mwaka mmoja wa kupumua, kisha, asipolipa, faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Ana shahada ya uhandisi. Cheti kiko kabatini kwenye mfuko wa nailoni, chini ya leso za mama, na yeye anaendesha tuktuk ya mtu. Akishatoa hesabu ya mwenye tuktuk na mafuta, abakishe nini? Akiomba kazi serikalini anaambiwa alete kwanza cheti cha bodi ya mikopo kuonyesha yuko sawa na deni. Alilipe na nini, na kazi ndiyo hiyo anayoitafuta!

Najua mtasema: kufika Ulaya tu, kwao kumeshamnukia. La, wallahi. Hisabati inayonilisha hapa nilifundishwa Mombasa, na walimu wale nawaombea dua mpaka leo. Ndiyo maana inaniuma. Kenya ilinisomesha, kodi ya mshahara wangu inaliwa na Ujerumani, na nyumbani kinarudi kile ninachomtumia mama.

Mtaniambia wenzetu wana pesa. Sawa, wanazo. Lakini kumsubiri kijana mpaka apate mshahara kunahitaji utajiri gani? Pesa ya umma iliyomsomesha itarudi kwa kodi, na kodi inatoka kwa aliye kazini. Faini juu ya faini zinamfanya azime simu tu.

Ijumaa nilimtumia kidogo. Amenunua tairi ya mbele. Ya nyuma pia imekwisha.