"Metali na isiyo metali" haitoshi

Ingia twisheni yoyote ya kidato cha pili hapa Dar, iwe Mbagala au Tegeta, utaikuta sentensi ileile ubaoni: metali ikiungana na isiyo metali, kampaundi ni ya ioni (chembe zenye chaji ya umeme zinazovutana), zisizo metali zikiungana zenyewe kwa zenyewe, ni ya kovalenti (atomi zinachangia elektroni). Wanafunzi wanaikariri, wanaimwaga kwenye pepa, basi.

Siikatai kanuni hiyo. Kwa chumvi ya Kunduchi inafaa kabisa: sodiamu inatoa elektroni moja, klorini inaipokea, na ioni zinazobaki zinavutana kwa nguvu hata moto hauiyeyushi chumvi mpaka nyuzijoto 801. Sukari, ambayo atomi zake zinachangia elektroni, inageuka shira kwenye jiko la mkaa.

Lakini nenda duka la pembejeo uchukue mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. Ina naitrojeni, hidrojeni, salfa na oksijeni; metali hamna. Ubao unasema kovalenti, kumbe ni ya ioni! Naitrojeni na hidrojeni zimeshikana kwa kovalenti zikawa kundi moja, NH₄⁺, na kundi zima ndilo lenye chaji. Punje moja, bondi (vifungo vya atomi) za aina mbili. Kloridi ya aluminiamu kavu nayo ina metali, ila ikifika kama nyuzi 180 tu inapaa kuwa mvuke, si kama chumvi.

Wajanja watakimbilia namba inayohusishwa na mwanakemia Linus Pauling: tofauti ya elektronegativiti (uwezo wa atomi kuvuta elektroni) kati ya atomi mbili ikizidi 1.7, ni ioni. Floridi ya hidrojeni ina tofauti ya karibu 1.8, na kwa joto letu la Februari ni gesi, yaani ni ya kovalenti. Hidridi ya sodiamu ina karibu 1.3, na ni ya ioni.

Mimi ningeanza na taa ndogo ya LED, betri nne za tochi, waya na kikombe cha maji ya mvua (maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, yatakuvurugia jaribio), tuone kipi kikiyeyuka majini kinapitisha umeme, maana ioni ndizo zinazoubeba. Chumvi, inawaka. Sukari, haiwaki. SA, inawaka. Kisha mwalimu aseme kwamba gesi ya kloridi ya hidrojeni ni ya kovalenti, ila ikiingia majini inazaa ioni na kupitisha umeme. Hapo darasa litabishana kweli, na twisheni nyingi hapo ndipo ubao unapofutwa, kwa sababu kundi linalofuata limeshalipia na liko mlangoni.