Kibali cha nyumba kipo, cha kukata kilima kiko wapi?

Kiangazi kikifika Mbeya, vijiko na magreda hupanda milimani. Mwenye kiwanja anataka pawe sawa, basi kilima kinakatwa, kifusi kinasukumwa ukingoni na msingi unaanza kuchimbwa. Ukiuliza kibali unaonyeshwa michoro: vyumba, choo, paa. Udongo uliokatwa nyuma ya nyumba utashikwa na nini, hakuna anayeuliza.

Sheria ipo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi, na kuendeleza huko ni pamoja na kazi za uhandisi na uchimbaji, siyo kuta peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka kingo za mito. Anayekosekana ni mtaalamu wa kufika kiwanjani kabla kijiko hakijashushwa kwenye lori.

Na udongo wetu una mambo yake. Milima ya Rungwe ilimwaga majivu na mawe mepesi ya volkano sehemu kubwa ya nyanda hizi. Simama mbele ya mkato mpya uangalie: juu udongo mweusi wenye mizizi, chini yake tabaka la kijivu linalomeguka ukiligusa kwa kidole. Kiangazi linasimama wima, unadhani ni zege. Likilowa, linashuka. Aliyekata yuko juu; anayefukiwa ni jirani wa chini, ambaye hakuulizwa lolote na sasa anapanga viroba vya mchanga mlangoni.

Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba za watu Itezi, hapa jijini Mbeya. Sisemi kijiko ndicho kilichosababisha. Nasema tumeshaona mteremko uliolowa unavyoweza kushuka, na bado tunakata.

Wajenzi wanalalamika kwamba vibali vinachelewa na vina gharama. Wana haki, wala siombi ofisi nyingine. Kwa viwanja vya mteremko, fomu ileile iongezwe ukurasa mmoja: mkato una urefu gani, mtaro unapita wapi, ukuta wa kuzuia udongo utajengwa lini, kifusi kinamwagwa wapi. Majirani wa chini wasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha mhandisi wa halmashauri apite Oktoba, kabla ya mvua, na pasipo na ukuta ujenzi usimame hadi ukuta uwepo.