Jalada Lenye Jina la Nyumbani

Tamthilia za upelelezi nazipenda, ila kuna aina moja hunichosha. Mkuu wa polisi ni mwanamke, mji ni mdogo, maiti imeokotwa mtoni. Kufika sehemu ya tatu, nyayo zinaelekea mlangoni kwake: mume, kaka, au mtoto wa kumzaa. Na yeye bado kalishika jalada! Hapo mimi nazima.

Sizimi kwa kuwa hayatokei. Agosti 2018, mjini Manteca, California, mzee wa Kisikh wa miaka 71 alipigwa mateke akiwa katika matembezi yake ya asubuhi, na video ikasambaa. Mmoja wa watuhumiwa alikuwa kijana wa miaka 18, mtoto wa Darryl McAllister, mkuu wa polisi wa Union City. Huyu ni baba, sawa, lakini tazama alichofanya. Kesi ilikuwa ya polisi wa Manteca, akawaachia. Yeye na mkewe wakawasaidia kumpata kijana wao, akakamatwa, kisha baba akaandika hadharani jinsi alivyofedheheka na kuumia.

Waandishi wa tamthilia wanadhani ushujaa ni kung'ang'ania kesi. Mimi naona kazi ngumu ni kuliachia jalada, halafu urudi nyumbani ukakae na watu wako.

Mama mdogo wangu aliwahi kuwa mkuu wa kituo, wapi nisiseme. Siku moja aliletewa jalada la wizi wa pikipiki, ndani mna jina la mtoto wa dada yake. Alisoma ukurasa wa kwanza, akalifunga, akampigia simu OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kuomba mpelelezi atoke kituo kingine. Hakuongeza neno.

Jioni wajomba wakaja. Chai ikapoa vikombeni. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, wala mikono haikusimama.

"Wewe si ndiyo mkubwa pale? Ni kalamu tu."

"Kaka, hata hiyo kalamu ni ya serikali."

Sheria yenyewe inajua kwamba damu ni nzito, ila imechagua damu ya ajabu. Kifungu cha 387 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema mke anayemsaidia mumewe kukwepa adhabu hahesabiwi kuwa msaidizi baada ya kosa, na mume kwa mkewe vilevile. Mama na mwanawe hawamo. Dada na kaka hawamo. Tumeirithi kwa Mwingereza, na inaonekana: kwetu mume anaweza kuwa mgeni wa juzi, lakini mtoto wa dada ni mwanao tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mama mdogo angeweza kumficha mumewe uvunguni na sheria ikageuza shingo. Kwa yule kijana aliyemlea likizo zote, hakuwa na upenyo.

Kijana alishtakiwa, akafungwa, akatoka. Leo anafuga kuku na anamtembelea mama yake mdogo kila Idi. Wao wawili walishayamaliza.

Dada mtu ndiye hajayamaliza. Anamzidi mama mdogo miaka sita, na tangu siku ile hajamwita kwa jina. Wakikutana msibani anapiga goti kidogo, mbele za watu, na kumwambia: "Shikamoo, afande."