Caesar si kikaragosi, jamani!

Kila nikiingia banda la video hapa Mabatini, lazima atokee mmoja wa kunipandisha presha. Sokwe Caesar wa filamu za Planet of the Apes macho yanamlengalenga machozi, banda zima kimya, mara sauti kutoka nyuma: "Acheni ushamba, hicho kikaragosi tu cha kompyuta!"

Kikaragosi? Tangu lini kikaragosi kikawa na macho ya mtu aliyefiwa?

Ndugu zangu, mwigizaji wa Caesar, Andy Serkis, alivaa nguo ya kubana yenye alama mwilini, kamera ndogo ikaning'inia mbele ya uso wake kunasa hadi kope. Akatambaa, akanguruma, akaumia yeye mwenyewe. Mafundi wa kompyuta wakamvika manyoya, na kazi yao naiheshimu mno. Lakini uzi wa kikaragosi uko wapi? Nani alimvuta?

Yoda wa filamu ya Star Wars ya 1980, sawa, huyo kikaragosi, mkono wa Frank Oz ukiwa ndani yake. Na mkono ule nao ni sanaa, usiseme "tu"!

Mcheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, akirusha jembe juu na kulidaka, mnamtunza yeye au mnalitunza jembe?

Jumamosi nitakuwepo tena. Mkikaa karibu yangu, nyamazeni!