Afadhali Marehemu Kuliko Mgonjwa

Hapa Lubumbashi, Kongo, ukitaka ndugu zako wakuchangie pesa za maana, sharti kwanza ufe. Ukiugua watakuletea juisi, watakuombea, watakutajia mzee mmoja wa Ruashi anayetibu kwa mizizi, halafu watakumbuka kwamba mvua inakaribia. Lakini ukikata roho tu, wale wale waliokuwa hawana hata nauli ya kutoka Kamalondo watapata hema, viti vya plastiki, spika za muziki, fulana zenye picha yako ya zamani ulipokuwa bado na mashavu, na magunia ya unga wa kupika bukari wa kulisha mtaa mzima hadi kilio kiishe.

Nayasema haya nikiwa na ngiri. Daktari amesema ipasuliwe mapema, na dirisha la malipo limesema dhamana itangulie, la sivyo hata kitanda sitakigusa. Nimepewa na orodha ya vitu vya kuja navyo: glavu, sindano, pamba, serumu, uzi wa kushonea na daftari la kuandikia hali yangu. Mimi ni fundi cherehani wa Katuba, na kuhusu uzi nilitaka kuuliza kama ninaweza kuleta wa dukani kwangu, maana ninao wa rangi zote, lakini muuguzi hakuwa na sura ya kutaniwa.

Basi nikaitisha kikao cha familia, ambacho baada ya dakika chache kiligeuka kuwa Bunge. Baba mkubwa, aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tangu ujana wake mpaka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi ulioitwa wa hiari, alisimama akatueleza jinsi zamani mfanyakazi alivyotibiwa yeye, mke na watoto bila kufungua pochi, na unga akapewa juu yake. Tulimsikiliza kwa heshima, kama tunavyomsikiliza kila mwaka, ingawa hotuba hiyo haijawahi kumponya mtu.

Binamu yangu, ambaye anafundisha uchumi na kwa hiyo hana pesa, alijibu kwamba nchi haiwezi kutumia isichokusanya, na kwamba raia wengi hawalipi kodi. Hapo ngiri ilinichoma. Mimi silipi? Kuna anayekuja kwa ajili ya meza, kuna anayekuja kwa ajili ya kibao chenye jina la duka, kuna anayekuja kwa ajili ya usafi ilhali takataka nazizoa mwenyewe, na kila mmoja ananijua kwa jina na kuniulizia watoto. Nikinunua kitambaa kwa bei ya risiti, kodi ya asilimia 16 iliyoanza mwaka 2012 imo humo humo. Sijasahau pia ule ushuru wa RAM, yaani wa kuandikisha simu, ulioanza mwaka 2020, uliokuwa ukinyofoa yuniti za simu mpaka ulipofutwa mwaka 2022. Huo, kusema haki, ulinifaa kidogo: yuniti zilikuwa zikiisha kabla mama mkwe hajafika katikati ya orodha ya magonjwa yake.

Nikamwambia binamu aende asimame kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ahesabu malori ya shaba na kobalti, kisha arudi anieleze umaskini wetu. Alikuwa amejiandaa. Alisema sheria ya madini ya mwaka 2018 ndiyo iliyofungua njia ya kobalti kutozwa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa nchi, wa asilimia 10, na kwamba mrabaha wa madini hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mtaa au sekta yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Baba mkubwa akauliza kizazi hiki chenye ngiri kimewekwa katika asilimia ipi. Hakujibiwa.

Mdogo wangu wa kike akataja kujifungua bila malipo, mpango ulioanza Kinshasa mwaka 2023 na kuenea katika mikoa mingine. Ni jambo jema, nami sina neno, ila naona kwamba kuingia duniani ndiko kulikopunguziwa bei. Kukaa humo kunatozwa kama kawaida. Na tukumbuke kwamba Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti zao. Kwetu ahadi hiyo bado iko njiani, labda imekwama kwenye kizuizi fulani ikidaiwa karatasi.

Hata hivyo siwezi kuilaumu serikali peke yake mbele ya ndugu zangu, kwa sababu inafanana nao kama pacha. Pesa zao zote hufuata hema. Dawa ya malaria haina hema, kwa hiyo inakosa mfadhili. Uzinduzi wa zahanati unalo, pamoja na utepe, mkasi na vinywaji baridi, kwa hiyo unafana sana, hata kama kesho yake ndani ya zahanati hamna paracetamol.

Ndiyo sababu nilitoa hoja rasmi: familia inipe sasa hivi mchango wa kilio changu, kwa punguzo la nusu, nami nitie sahihi kwamba siku nikifa wasikodi hema, wasichape fulana, wanizike tu. Binamu aliona hesabu hiyo imenyooka. Baba mkubwa alifikiri sana, akakohoa, akasema, «Mwanangu, tukikupa leo, na ukafia hapo hapo mezani kwa daktari, si tutakuwa tumelipa mara mbili?» Wengi walitikisa kichwa kukubali. Hoja imepelekwa kwa kamati ndogo, itakayokutana Jumapili nyumbani kwangu, na nimearifiwa kwamba vinywaji ni juu ya mgonjwa.