Misumari Katika Mbuyu Wetu

Kila nirudipo nyumbani Kilifi, kitu cha kwanza ninachokitafuta kwa macho ni ule mbuyu wa njia panda, ambao chini yake nyanya yangu aliuza mahamri na sisi wajukuu tukaokota mabuyu; sasa shina lake limejaa matangazo ya vyumba vya kupangisha na ya waganga, yote yamepigiliwa misumari. Inaniudhi mno. Mibuyu huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, na shina lake ni laini, limehifadhi maji. Juzi niliona kutu ya msumari mmoja ikichuruzika hadi mzizini, mahali pale pale nyanya alipokuwa akiketi na beseni lake. Kwa nini wenye matangazo wasisimamishe ubao wao wenyewe kando ya barabara?